Ekzosi Aliyoisikia Baba

Ekzosi ilidondoka kwenye barabara ya Jogoo, Jumamosi asubuhi, tukitoka kumwona shangazi yangu aliyekuwa akiishi kwenye nyumba za reli pale Muthurwa. Nilikuwa nimekaa nyuma ya baba kwenye pikipiki. Nilisikia chuma kikigonga lami na kuburuzika, na papo hapo injini ikaanza kunguruma kama trekta. Kugeuka, nikaona nusu ya nyuma ya lile bomba la moshi imelala katikati ya njia, lori la mchanga likiikwepa. Baba hakupunguza mwendo. Nilimpigapiga mgongoni mara tatu ndipo akasimama kando.

Aligeuka akitabasamu. "Umeisikia leo?" aliniuliza. "Imechangamka!"

Niliteremka nikakimbia nyuma, nikangoja magari yapite, nikaliokota lile bomba kwa sweta yangu. Lilikuwa moto hata likaunguza sufu na kuniachia alama nyekundu kiganjani. Nilipomletea, tabasamu likamtoka. Akatazama bomba, akatazama pikipiki, kisha akacheka kidogo, kama mtu aliyekutwa akisinzia kanisani.

"Kumbe," akasema.

Hilo "kumbe" nilikaa nalo siku nyingi. Pikipiki ilikuwa inapiga kelele za kugeuza vichwa vya watu kwenye vituo vya basi, na mwenyewe alidhani imechangamka tu. Ilikuwaje?

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na minne, msaidizi wa maabara katika shule moja ya wasichana. Niliandaa majaribio, walimu wakaja kuyafundisha, na kazi hiyo ilikuwa imenipa mazoea ya kutaka kujua kwa nini. Nilikuwa bado naishi na wazazi wangu Jericho, kwenye nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, yenye vyumba viwili. Mama alikuwa akishona sare za shule sebuleni kwa cherehani ya miguu. Baba alikuwa amestaafu kutoka kiwanda cha misumari, Eneo la Viwanda, ambako alisimama kando ya mashine za kukata waya kwa zaidi ya miaka ishirini. Pikipiki ile ya Kijapani, yenye silinda moja na rangi nyekundu iliyofifia mpaka ikafanana na matofali, aliinunua kuukuu kutoka kwa mpimaji wa barabara aliyekuwa akihama mji. Aliipenda kwa namna ambayo mama hakuielewa.

Tulipofika nyumbani nilimwomba baba asiitupe ile ekzosi.

"Ya nini, mama?" aliniuliza. Alizoea kuniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Imeoza."

"Nataka kuona ndani."

Alinipa msumeno wa chuma, nami nikaipasua kwa urefu pale uani huku majirani wakipita na ndoo zao za maji. Nilikuwa nimedhani ni bomba tupu, mahali moshi unapita tu. Ndani nilikuta vyumba vitatu vilivyotengwa kwa kuta za bati, na kijibomba chembamba kilichotobolewatobolewa kikitoka chumba kimoja hadi kingine, na masizi mazito kama soksi kuukuu. Baba alichuchumaa kando yangu, akaingiza kidole katika kila tundu.

"Kwa hiyo sauti inazungushwazungushwa humu mpaka inachoka," nilisema.

Alikuwa ananitazama mdomoni nilipokuwa nikisema. Niliona, lakini sikulipa jambo hilo uzito wowote. Kile kijibomba chenye matundu nilikichomoa nikakiosha kwa mafuta ya taa, nikakihifadhi.

Kutafuta ekzosi nyingine kulituchukua wiki mbili. Maduka ya vipuri mjini hayakuwa na ya aina ile. Muuzaji mmoja alituuliza kama pikipiki yenyewe bado inatembea au tumeiweka ya ukumbusho. Mwishowe tulipata moja Gikomba, kwa mzee aliyeuza vyuma chakavu. Ilikuwa mpya kabisa, inang'aa, fupi, imenenepa katikati. Mzee alisema ilitengenezwa kwa ajili ya pikipiki za mashindano na aliyeiagiza hakurudi kuichukua. Haikuwa ya pikipiki yetu wala ya ndugu yake. Baba aliigonga kwa kifundo cha kidole, akaisogeza karibu na sikio, akaigonga tena.

"Tutaichukua," alisema.

Jumamosi iliyofuata tuliisukuma pikipiki hadi mtaa wa Baba Dogo, kwa fundi wa kuchomelea ambaye baba alimfahamu tangu siku za kiwandani. Alikuwa mtu wa Murang'a, mwembamba, aliyetengeneza mageti na vitanda vya chuma kwenye kibanda kilichoegemea ukuta wa kiwanda. Aliizunguka pikipiki mara mbili.

"Mzee, hii ekzosi ni ya mtu mwingine."

"Najua. Mfanye awe mtu wa kwetu."

Fundi akacheka. "Sista, shika hapa," akaniambia, na kuanzia hapo nikawa nimeajiriwa.

Shingo ya ekzosi hushikiliwa kwenye injini kwa bolti mbili. Ya kwanza ilifunguka vizuri. Ya pili ilizunguka kidogo, ikalia, ikakatika, kisiki chake kikabaki ndani ya injini. Baba alipandisha kofia yake na kuishusha. Kama kisiki kile kingekataa kutoka, injini nzima ingebidi ifunguliwe, na hakuna aliyekuwa na uhakika ingefungika tena. Fundi alichukua nati, akaiweka juu ya kisiki, akaichomelea mpaka vikawa kitu kimoja chekundu. Kisha akakaa juu ya kopo na kuwasha sigara.

"Mbona huizungushi?" niliuliza.

"Naingoja ipoe. Chuma kikipata moto kinavimba, kikipoa kinasinyaa. Kutu ikisukumwa huku na huku inaachilia."

Aliiongezea moto mara mbili zaidi. Mara ya tatu akatia spana, akaivuta polepole kama mtu anayefungua mlango wa chumba chenye mgonjwa, na kisiki kikatoka. Nilitamani kupiga makofi. Niliomba nikishike, nikakigeuza mkononi nikitazama kutu iliyopasuka kwenye nyuzi zake.

Yaliyobaki yalikuwa ya subira. Mwanzo wa ekzosi mpya ulikuwa mpana kuliko shingo ya ile ya zamani, kwa hiyo fundi alikata kipande cha bomba la kitanda akakifanya kiungo katikati. Vishikio havikulingana, akakunja kipande cha chuma bapa na kukitoboa. Pedali ya breki ikagusa, akaipinda. Kufikia saa nane mchana ekzosi ilikuwa imekaa kana kwamba ndiyo iliyonunua pikipiki.

Baba alipiga kiki. Ilikohoa, ikashika. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya kifuani, hata vipande vya mabati juu ya kibanda vikatetemeka. Fundi aliziba masikio. Mimi nilirudi nyuma hatua tatu. Baba alivua kofia yake ngumu, akainamisha kichwa upande mmoja, na lile tabasamu la barabara ya Jogoo likarudi usoni mwake lilelile.

Kurudi nyumbani hakukuwa kwa amani. Kila alipoachilia mafuta kuteremsha mwendo, ekzosi ilipiga "pa! pa!" kama bastola. Siku hizo watu wa mitaa yetu walijua sauti ya risasi na walijua la kufanya. Karibu na vibanda vya mboga vya Jericho ililipuka mara moja kali, na mama mmoja aliyekuwa akikatakata sukuma wiki akajitupa chini nyuma ya meza yake, nyanya zikamfuata. Nilimpiga baba mgongoni. Alisimama, akaona watu wamelala, akaangaza macho barabarani kumtafuta mwenye bunduki.

"Ni sisi!" nilimpigia kelele usoni.

Tuliokota nyanya zote, na zilizopasuka tukazinunua. Aliomba msamaha kwa unyenyekevu hata yule mama akaanza kumpa pole yeye.

Mama yangu hakumpa pole. "Hiyo ni pikipiki ama ni vita?" aliuliza mlangoni, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Baba akatikisa kichwa kukubali, akitabasamu, akaenda kunawa mikono. Mama akanigeukia. "Umeona? Ndivyo anavyonifanyia. Naongea, ananitikisia kichwa, anaenda zake. Miaka mingapi sasa!"

Kesho yake mzee wa kanisa alikuja kusema kwamba maombi ya akina mama yalikuwa yamekatizwa. Jirani wa ukuta mmoja akasema mtoto wake hakulala mchana. Mama akatoa hukumu: kelele ziishe kufikia Jumamosi, au pikipiki ikatafute kwake.

Basi tukarudi Baba Dogo. Nilikwenda na kile kijibomba chenye matundu nilichokitoa kwenye ekzosi ya zamani, pamoja na maswali yangu. Fundi alianza na ile milipuko. Aliwasha injini, akaziba mdomo wa ekzosi kwa tambara, na moshi ukachungulia kwenye kiungo cha bomba la kitanda.

"Inaingiza hewa hapo. Ukiachilia mafuta, petroli iliyobaki inakutana na hewa ndani ya bomba moto. Pa!"

Alikiziba kiungo kwa moto, akaweka pete mpya ya shaba pale shingoni. Kisha akafungua plagi, ile inayotoa cheche, akanionyesha ncha yake, nyeupe kama majivu. "Ingekuwa ya kahawia, rangi ya chai. Siku hizi inapumua sana lakini inakula kilekile." Alifungua kabureta, akaipandisha sindano yake kidato kimoja ili petroli iongezeke. Tulizunguka kiwanda mara mbili, tukarudi, tukachomoa plagi. Rangi ya chai. Milipuko ilikuwa imekoma.

Yakabaki manung'uniko ya mtaa. Wazo langu lilikuwa kukiingiza kile kijibomba ndani ya mdomo wa ekzosi na kukifunga kwa bolti moja. Lakini kiwe na urefu gani? Fundi alisema tukipachike chote, tumalize. Baba, aliyeelewa kwa kutazama mikono yetu, akasema hapana, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake tangu utotoni.

"Mtaiua," alisema.

Hapo ndipo msaidizi wa maabara alipoamka ndani yangu. Nilimwambia baba akae juu ya kopo hatua kumi mbele ya kibanda, atupe mgongo, na ainue mkono kila akiisikia pikipiki. Aliinua mabega lakini akakubali. Fundi aliwasha injini bila kijibomba. Mkono ukaenda juu. Akakiingiza kizima. Injini ilinguruma kistaarabu kabisa, mimi naisikia vizuri, fundi anaisikia vizuri. Mkono wa baba ukabaki gotini.

Fundi alinitazama. Akakikata kijibomba katikati, akaingiza nusu. Sauti ikatulia, ikabaki na ule uzito wa kifuani. Mkono ukapanda, polepole, kisha ukakaa juu.

Nikamwashiria fundi azime. Palikuwa kimya, mitambo ya kiwanda imepumzika. Nikapiga mluzi. Baba hakusogea. Nikaita, kwa sauti yangu nyembamba niliyorithi kwa mama, "Baba!" Nikaita tena. Mkono ulibaki gotini, naye akiendelea kungoja kwa utiifu, mgongo wake umenyooka.

Nilimzunguka nikachuchumaa mbele yake. "Tangu lini?"

Hakujifanya hajaelewa. "Ndege walitangulia kuondoka," alisema. "Halafu filimbi ya msimamizi. Halafu watoto. Sauti nzito bado ninazo."

"Na ile ya zamani, ulikuwa unaisikia?"

"Nilikuwa naihisi kwa magoti, kwenye tangi. Najua gia kwa magoti. Siku ile ilipovunjika, nilidhani masikio yamerudi."

"Na mama?"

"Mama yako namtazama midomo. Akinipa mgongo, basi."

Fundi alikuwa ameshika spana, hajui aiweke wapi. Aliifunga nusu ya kijibomba kwa bolti moja bila kutuuliza.

Jioni ile baba alinipa ruhusa nimwambie mama. Mwenyewe alikuwa ameahirisha kwa miaka. Nilimwambia akiwa kwenye cherehani. Miguu yake iliendelea kukanyaga kwa muda, kisha ikasimama. Mshono ulikuwa umepinda ukaingia kwenye mfuko wa kaptura.

"Si alikuwa akinidharau?" aliuliza.

"Hakuwa akikusikia, mama."

Alikaa akikunjua ile kaptura juu ya mapaja yake, akiipangusa mikunjo isiyokuwapo. Baadaye alienda uani ambako baba alikuwa akisugua tangi, akasimama mbele yake, karibu, na kushusha sauti yake mpaka ikawa kama ya mwanamume. Sikusikia alichosema. Baba aliweka tambara chini.

Hospitalini walithibitisha, wakasema ni zile mashine za kiwandani, na kwamba kilichopotea hakirudi. Majirani waliizoea sauti mpya, isipokuwa mzee wa kanisa, aliyeendelea kuifunga Biblia yake kila tulipopita. Mimi nilianza kwenda Baba Dogo Jumamosi kwa Jumamosi, nikajifunza kuchomelea, vibaya mwanzoni.

Siku chache baada ya mazungumzo yao, niliwasikia baba na mama wakigombana juu ya bati la jikoni lililokuwa likivuja. Walisimama uso kwa uso, na kila mmoja alimjibu mwenzake, neno kwa neno, karibu nusu saa nzima. Nilikuwa nje nikiosha vyombo. Niliviosha polepole.