Kobe Aliyekula Kabla ya Wanamaji

Ko, ko, ko-ko. Kijiko kwenye sahani ya bati. Mpaka leo mtu akigonga sahani kwa hoteli pale Matuu, miguu yangu inataka kusimama kabla sijaiambia.

Hivyo ndivyo babu alivyomwita kobe kula. Babu alikuwa mpishi kwenye meli ya jeshi la majini, na kwenye meli hiyo hakuna mtu, hata awe na nyota ngapi begani, aliyetia kitu mdomoni kabla kobe hajauma mara ya kwanza. Waliamini hiyo ndiyo ilikuwa inawarudisha salama. Babu alipoajiriwa alimkuta humo, na waliokuwa wanastaafu wakati huo nao walikuwa wamemkuta. Meli ilipochoka ikaondolewa kazini, kobe akapewa mpishi kwa sababu alikuwa anakataa mkono wa mtu mwingine. Akaletwa huku Ekalakala kwa basi, ndani ya sufuria kubwa ya jikoni, kifuniko kikiachwa wazi kidogo apumue.

Sisi wajukuu tulilelewa kwa sheria ya meli. Muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, unapoa, mate yanajaa, na kobe anakuja polepole kutoka chini ya mpapai kama mtu aliyeitwa na chifu. Mimi nilikuwa namwangalia huku naota niko juu ya maji, nasafiri. Bahari yangu ilikuwa bwawa la Masinga tu, lakini ilinitosha.

Babu alifariki mwaka jana, nikabaki na kijiko. Baada ya mavuno akaja mwanamume mmoja na gari dogo jeupe. Alimwambia susu, yaani nyanya yangu, kwamba alitumikia na babu kwenye meli hiyo hiyo, miaka mingi, na sasa ametumwa amrudishe kobe Mombasa akatunzwe na daktari wa wanyama. Alimsifu babu sana. Sifa zenyewe zingemfaa mzee yeyote aliyekufa. Tena hakuuliza babu aliugua nini. Aliuliza kobe ana kilo ngapi.

Susu tayari alikuwa analia kwa furaha. Mimi nilikuwa nachunguza viatu vya huyo mgeni, mikono yake, na vile alivyozunguka akipiga picha namba nyeupe ya meli, ile ambayo babu aliipaka upya kwenye gamba kila Desemba.

"Hii namba ndiyo muhimu," akaniambia. "Inaonyesha ni mali ya serikali. Bila hii, huyu ni kobe tu wa kichakani."

Chakula kikaiva. Nikamwekea mgeni sahani yake, nikasimama mlangoni na ile ya bati, nikagonga kama kawaida.

Mgeni akacheka. "Unaita kuku?"

"Naita mwenye kula kwanza, anko."

"Basi si ni mimi," akasema, akavuta sahani, akajaza mdomo. Kobe alikuwa hajafika hata kwa jiwe la kufulia.

Susu alimwangalia akitafuna, kisha akaangalia chini. Mgeni alishukuru, akasema Jumamosi anarudi na pikapu.

Jioni susu alianza kumtetea. Labda ni njaa ya safari. Labda alikuwa kikosi kingine. Na mtu akishataja serikali, sisi ni nani wa kumuuliza maswali?

"Mtu wa ile meli angengoja, susu."

"Watu husahau."

"Kila siku, miaka yote hiyo, halafu asahau?"

"Na kama ni kweli ametumwa?"

Huenda ni kweli, mpaka leo sijui. Lakini tangu mazishi susu huambua maharagwe karibu na huyo kobe, akimsimulia habari za siku, nani ameoa, nani amekataa kurudisha jembe. Niliogopa kuona amekaa pale pale na beseni lake, hana wa kumwambia.

Ijumaa alienda kwa mkutano wa akina mama kanisani. Nikachota majivu jikoni, nikatafuta gunzi la mahindi na maji kidogo, nikapiga magoti chini ya mpapai. Rangi ya babu ilikuwa nzito, Desemba juu ya Desemba. Kobe alificha kichwa, akakitoa, akaniangalia. Nikamwambia pole. Nikaanza na tarakimu ya mwisho, nikasugua taratibu kama mtu anayeosha mgongo wa mtoto, mpaka gamba likabaki na rangi yake yenyewe.