Ufunguo wa Shemeji

Mume wangu ni fundi vitasa, na mtaani wanamwita Bwana Akili, kwa sababu hata kununua ndoo atakaa apime faida na hasara mpaka muuzaji achoke. Mlango wetu ulikuwa na kitasa kikubwa na makomeo mawili ya chuma. Aliyaweka makomeo hayo baada ya mdogo wake kuingia kwetu amelewa, akamkata kaka yake panga mkononi, watoto wakitazama. Shemeji akafungwa. Ndipo nilipoanza kupata usingizi tena.

Halafu mchungaji akaja kutuambia kwamba shemeji anatoka, pombe ameacha, na hana pa kwenda ila kwetu. Bwana Akili akamjibu kwa adabu kwamba ataliombea jambo hilo. Nikacheka moyoni, maana mtu wangu namjua: jibu alikuwa nalo tayari, alitaka tu Mungu alitie sahihi. Ndugu zake na mafundi wenzake walishamwambia asithubutu kumfungulia, na kwa akili ya kawaida nani angebisha? Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaunga mkono kwa sauti kubwa.

Akawa anaomba, amepiga magoti kando ya kitanda, nami nikisikiliza huku nakunja nguo. Mwanzoni alikuwa akimpangia Mungu sababu moja baada ya nyingine, kama wakili. Kisha sababu zikamwishia, akawa ananyamaza tu. Ule ukimya ndio ulionitia hofu. Asubuhi moja akainuka.

"Nimemwomba anionyeshe kitasa kilicho imara zaidi," akaniambia. "Kila nikifumba macho naona ufunguo."

Jamani, nilimjia juu. Nikamwuliza kama amesahau kovu lake, kama watoto ni wangu peke yangu, kama siku hizi Mungu anatuma watu wakaribishe mapanga. Hakubishana. Alisema na yeye anaogopa, tena mno, na kwamba angekuwa anajitungia jibu mwenyewe angejitungia lililo jepesi. Nikaenda jikoni nikalia. Nami nikaomba, nikitumaini nitapewa jibu tofauti. Sikupewa.

Ufunguo aliuchonga pale pale mlangoni. Hakunakili wa kwake, maana umelika, na ufunguo mpya ungerithi kasoro zake. Alikipaka kipande cha chuma masizi ya mshumaa, akakiingiza kwenye kitasa, akakitoa, akatazama kilipoguswa, akakwaruza kidogo kwa tupa, akarudia. Ndivyo afanyavyo kazi: kitasa hakilazimishi, anakisubiri kimwonyeshe. Kazini sijawahi kumwona akiangusha chombo. Siku ile tupa ilimponyoka ikaanguka sakafuni.

Akampa mchungaji ufunguo ampelekee mdogo wake, na ujumbe kwamba aje Jumapili mchana. Makomeo akayang'oa. Niliyatazama matundu ya skrubu mlangoni.

Jumapili tukakaa sebuleni. Watoto nilikuwa nimewapeleka kwa mama yangu, na kwa hilo sikuomba ruhusa ya mtu, hata ya mbinguni. Chakula kilikuwa kinapoa mezani. Tukasikia viatu vikija, vikasimama nje ya mlango. Nikaushika mkono wa mume wangu, ule wenye kovu, nikawa nangoja mlio wa ufunguo kitasani.

Haukuja. Ufunguo alikuwa nao. Baadaye tuliona alama yake kiganjani mwake, alivyokuwa ameukaza. Lakini alisimama tu pale nje, na tukamsikia akihema.

"Hodi," akasema, kwa sauti ya mtu anayetegemea kufukuzwa.

Bwana Akili akageuka. Akanitazama. Sijui nguvu ya kujibu niliitoa wapi, ila najua haikuwa yangu.

"Karibu, shemeji," nikasema. "Ufunguo unao. Fungua."