Supu ya Mzazi Niliyowapa Washenga

Jamani, aliyekosea ni mie. Si marehemu bibi, wala si daftari lake. Naliweka hili mbele kwa sababu hapa mtaani kwetu Temeke bado wapo wanaosema bibi aliandika vibaya. Bibi aliandika vizuri kabisa. Mie ndiye niliyeharibu!

Bibi alituachia daftari la mapishi na dawa za nyumbani, kaliandika kwa mkono wake tangu ujana mpaka vidole vilipokataa kushika kalamu. Uzi ulioshona kurasa ukakatika. Mama akanikabidhi mie, mtoto mkubwa, nilitengeneze, akasema siku moja litakuwa langu.

Sasa kazi yangu ni masjala. Nikiona karatasi zimechanganyika, mikono inaniwasha. Na za bibi niliona zimechanganyika kweli: supu, halafu dawa ya kikohozi, halafu udi wa kufukizia nguo, halafu supu tena. Nikazitoboa matundu, nikazitia kwenye faili jipya. Supu na supu, wali na wali, dawa mwisho.

Mama aliniomba nimsubiri tupange pamoja. Nikamwambia apumzike, mambo ya mafaili aniachie mie. Kiburi, ndugu zangu!

Nisichokijua ni kwamba bibi alipanga kwa shughuli. Akishaandika "Uzazi" juu ya ukurasa mmoja, kurasa zote zinazofuata ni za mwanamke aliyejifungua, mpaka ufike palipoandikwa "Harusi" au "Msiba". Mie nikawa nimezitawanya zote.

Ikaja posa ya mdogo wangu, Rukia. Wageni walikuwa wanatoka Msasani na wangefika asubuhi, kwa hiyo tukakubaliana chapati na supu ya kuku. Nikafungua faili langu, nikakuta supu za kuku mbili. Moja ina ndimu na tangawizi tu. Ya pili imeshiba: samli, kitunguu saumu, pilipili manga ya kutwanga, uwatu. Wageni wa heshima hawapewi supu ya ndimu, bwana! Nikachagua iliyoshiba.

Nilipoonja, iliniwasha mpaka masikioni, na uchungu wa uwatu ukabaki kooni. Nikajisemea wazee wa zamani walijua kula. Mie sijazaa, ningejuaje? Mama alikuwa sebuleni anatandika mikeka. Harufu ilimfikia mabakuli yakiwa tayari mikononi mwa wageni.

Wanaume walikunywa wakifuta jasho. Mzee mmoja akaomba aongezewe. Upande wa wanawake, shangazi wa bwana harusi alionja kijiko kimoja, akakiweka chini, akamtazama mama.

"Hongereni," akasema. "Wa kike au wa kiume?"

Mama alifumba macho. Kila mwanamke wa pwani aliyekuwa mle ndani alishaitambua ile supu. Hupikiwa mzazi, jasho limtoke na maziwa yashuke. Na nyumba yetu haina mtoto mchanga. Ina mwari mmoja tu, yule yule waliyekuja kumposa. Minong'ono ikaanza, na mmoja akataka kujua mbona binti mwenyewe kafungiwa chumbani.

Nikatoka jikoni na faili kifuani. Nikaeleza yote mbele yao, uzi, matundu, masjala. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo. Shangazi alipekua, akasema mwandiko anauona, lakini ukurasa hausemi supu ni ya nani. Ushahidi nilikuwa nimeuvuruga kwa mikono yangu!

Aliyetuokoa ni Rukia. Alitoka chumbani bila kuitwa, akaketi mbele ya yule shangazi.

"Shikamoo, shangazi. Mtoto hayupo. Aliyepo ni huyu dada yangu, na ndiye anayetutoa jasho kila siku."

Shangazi alimkodolea macho, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akaomba maji. Akasema mpwa wake ni mpole kupita kiasi, anahitaji mke mwenye ulimi. Barua ya posa ikatolewa, ikapokelewa.

Mtaani sasa naitwa Mkunga. Hilo nalimudu. Lililoniuma ni daftari, kwa maana mama alimpa Rukia, akaondoka nalo siku ya harusi yake.

Kabla Rukia hajaondoka, mama alinikalisha chini turudishe kurasa mahali pake. Yeye akikumbuka, mie nikipanga: hii ya msiba, hii ya tohara. Nyingi zilirudi. Chache ziligoma. Mojawapo inasema mizizi ichemshwe, mgonjwa anywe akiwa amefunikwa blanketi. Mgonjwa wa nini? Mama hajui, na bibi hayupo. Tumeiweka pembeni peke yake. Hatuthubutu kuinywa, na hatuna moyo wa kuitupa.

Nyie mlioachiwa makaratasi ya wazee, na hasa wenzangu mnaopenda vitu vikae sawasawa, zuieni mikono yenu! Kabla hujauhamisha ukurasa hata mmoja, kaa na anayejua, muulize kwa nini uliwekwa hapo. Muulize angali anaweza kukujibu.