Mtaa mzima upo, nikakosa watu wa kunyanyua injini ya lori

Wakuu, salaam.

Hii naisimulia kama ilivyotokea uwanjani kwangu, huku Chamazi. Siwezi kusingizia nimeisikia kwa majirani, maana majirani wenyewe nilikuwa siwajui.

Mie ni mtu wa ndani. Nikirudi na kilori changu nafunga geti, naoga, navaa msuli, basi. Harusi, msiba, kikao cha mtaa, anaenda mke wangu, Mama Naima. Nilikuwaga najiona nina akili kweli.

Sasa kilori kikaanza kula oili na kutoa moshi kama jiko la kuni. Kwenye kilima, abiria wa bajaji wananipita huku wananionea huruma.

Fundi Side akakipima, akanipa pole kama nimefiwa. "Braza, hii tafuta injini nyingine."

Nikapata ya mtumba. Ishu ni kwamba kesho yake nilikuwa na kazi ya kusomba tofali Mtoni, na mwenye kazi alishaniambia nisipotokea alfajiri anampa mtu mwingine moja kwa moja. Injini ilikuwa lazima iingie siku hiyo hiyo.

Ya zamani ikatoka vizuri. Ya mtumba ikaning'inia kidogo tu, cheni ya winchi ikakatika. Puu! juu ya matairi chakavu. Nashukuru matairi yalikuwepo, miguu ya fundi haikuwepo.

"Tuibebe kwa boriti," Fundi Side akasema. "Kaite majirani, wanaume kama nane hivi."

Wakuu, hapo ndipo nilipogundua nimeishi kama mfungwa wa Ukonga, tofauti mie funguo nilikuwa nazo mwenyewe.

Kijiweni wakaniangalia kama nauza dawa ya mende. Mmoja mgongo unamuuma. Mwingine amefunga. Mzee mmoja nikampa shikamoo, akaitikia vizuri, akauliza nakaa wapi. Nikamwonyesha geti.

"Ala! Kumbe Mama Naima ana mume? Sie tunajua mjane yule. Kuna mtu tulishamshauri apeleke posa!"

Wakacheka. Mwenye mgongo alicheka kuliko wote. Hakuna aliyenyanyuka.

Nikarudi peke yangu. Mama Naima akaniangalia, akashika simu, akaongea kwenye grupu lao la shughuli: "Jamani, nina mzigo kwangu, njooni."

Chai haijapoa, kinamama wamejaa uwanjani, wanafunga vibwebwe.

"Shemeji, kaa pembeni, utaumia," mmoja akaniambia. Mbele ya fundi wangu!

Boriti mabegani, wimbo ukaanza, injini ikapanda, ikashuka taratibu mpaka ikakaa mahali pake. Fundi Side anaelekeza kwa heshima zote, kama anaongea na mama mkwe.

Jioni ikawaka. Alfajiri nilikuwa Mtoni na tofali zangu.

Ila toka siku hiyo nimeingizwa kamati ya usafiri bila kuulizwa. Viti, maturubai, masufuria ya pilau, vyote lori langu. Na nikishashusha mzigo siruhusiwi kuondoka, nakaa mkekani na wenzangu.

Ushauri wangu kwa wenye magari ya kizamani: kabla hujanunua injini, nenda kwanza msiba mmoja au miwili.

Nyie watu wa ndani wenzangu, yamewahi kuwakuta? Mwageni hapa. Nitachelewa kujibu, nipo msibani na nimeshakatazwa mara mbili kushika simu.