Mkutubi Aliyenichukulia Binti Yangu

Ijumaa baada ya sala, nikiwa sokoni Darajani nachagua ndizi, binti yangu alinipigia simu huku analia. "Mama, Bi wa maktaba hatunaye tena. Kafariki asubuhi." Nilimsikitikia marehemu, tena kwa dhati. Lakini kabla huzuni haijatulia, kitu kingine kilinichoma: sikuwahi kumsikia mwanangu akimlilia mtu hivyo, hata alipofariki bibi yake aliyemlea.

Marehemu alikuwa mkutubi wa chuo anachosoma binti yangu. Kabla ya hapo, insha zote za nyumba yetu zilipita mkononi mwangu. Mimi nakuna nazi, yeye ananisomea, nami namwambia hapa ondoa, hapa ongeza. Alipoingia chuo karatasi zikakoma kuja jikoni. Nilidhani ameshikwa na akili mnemba, hizo programu za simu unazoziuliza swali zikakuandikia insha nzima, na hilo ningelivumilia, maana mashine haina uso wa kuonewa wivu. Kumbe alikuwa ameshikwa na mtu. Asubuhi Bi kasema hivi, jioni Bi kasema vile. Nikimsahihisha, ananijibu kwa adabu, "Ahsante Mama, lakini nshamuahidi Bi nitahakikisha mwenyewe."

Siku moja nikajitia nna haja ya magazeti ya zamani, nikaenda maktabani kumtazama huyo Bi. Nilimkuta mwanamke wa rika langu, sauti yake ya chini, buibui lake limenyooka kuliko langu, kazungukwa na wanafunzi, na binti yangu kakaa mbele kabisa. Walikuwa wanapitia insha yake juu ya magofu ya kasri ya Mtoni.

"Kitabu hiki ulichokitaja kiko wapi?" mkutubi akamuuliza.

"Nimekiona kwenye simu, Bi."

"Umekiona kitabu, au umeona jina lake?"

Binti yangu akainamia karatasi yake. Nilitamani kutoka nyuma ya rafu nilikojibanza nimtetee. Mkutubi hakumkaripia, aliwatuma wote wakitafute, kwenye rafu na kwenye kompyuta za maktaba. Hakikuwapo popote. Mashine ilikuwa imekibuni, pamoja na mwandishi wake na namba ya ukurasa. Wanafunzi wakacheka, na binti yangu naye akacheka. Mimi nilipokuwa nikimwonyesha kosa kule jikoni, alikuwa akinuna.

"Simu tusiitupe," marehemu akawaambia. "Iulizeni ikufafanulieni msilolielewa, ikupeni maneno ya kutafutia. Lakini mtakaloliandika, mulione kwanza kwa macho yenu. Na mwisho wa insha semeni wazi imekusaidieni nini."

Wiki ile binti yangu alikwenda Mtoni na wenzake, akarudi na vumbi miguuni, akaiandika upya. Chini kabisa alieleza kuwa mashine ilimsaidia kupanga sehemu za insha, na mengine kayathibitisha mwenyewe. Alinisomea nisikie tu, si nisahihishe. Ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuzitia mkono wangu. Nikamsifu, kisha nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Tangu hapo nimesikiliza mabishano mengi, wazazi na walimu tukiulizana kama simu zipigwe marufuku vyuoni, huku tukimdhania mkutubi kuwa ni mtu wa kunyamazisha wanafunzi na kugonga mihuri. Wakati huu ambapo sentensi nzuri zinapatikana bure, mtu anayemzoeza kijana kuuliza zimetoka wapi anafanya kazi ambayo wengi wetu tumeiacha. Mimi nilikuwa nampa binti yangu majibu yaliyokwisha kupikwa, kama mashine ile ile, ila polepole zaidi.

Kwenye msiba, ukumbi wa wanawake ulijaa wasichana wa chuo. Mmoja alinipa juzuu ya Qur'ani nimsomee marehemu, akanong'ona, "Na wewe Bi alikufundisha?"

"Hapana, mwanangu. Alimfundisha binti yangu."

Akanibana mkono kama anayenipa pole kwa nilichokikosa. Nilichojifunza ni kwamba anayempenda mtoto humzoeza kuhakiki kila neno, hata la mama yake, na mama inampasa alistahamili hilo. Mungu amrehemu mkutubi yule. Bado namwonea wivu, na namuomba Mola kila mzazi wa kisiwa hiki apate mwalimu wa kumwonea wivu kama huu.