Sisi Tulikuwa wa Mapazia

Juzi, kazini Uccle, hapa Brussels, nilipiga pasi mapazia ya bibi mzee ninayemtunza. Mvuke ulipopanda na ile harufu ya kitambaa kibichi, nikajikuta nina miaka tisa, kwetu Evere, nimeshika ncha moja ya pazia, maman ameshika nyingine, na papa anatukumbusha kwamba mikunjo ni dharau kwa Mungu.

Kikundi chetu cha maombi, familia tisa za watu wa Kivu, kilikodi ukumbi wa michezo wa shule kila Jumapili. Papa ndiye aliyekuwa kiongozi, na alitupanga kama Musa alivyowapanga Walawi jangwani: kila ukoo na mzigo wake. Sisi tulikuwa Wagershoni, wabeba mapazia meupe ya kufunika ukuta nyuma ya madhabahu. Rafiki yake wa tangu Bukavu, tuliyemwita Tonton Déo, yaani Ami Déo, alikuwa Mmerari, mwenye vyuma na kamba za kuyatundikia. Wengine viti, wengine spika. Bila vyuma, mapazia yetu yalikuwa mashuka tu, lakini ole wako uguse mzigo usio wako!

Kisha shule ikatunyima ukumbi. Papa alisimama uani, mvua inamlowesha, akasema: "Bon, kila muntu arudi na muzigo yake. Wingu likiinuka, tutasafiri."

Wana wa Israeli walikaa kambini mpaka wingu lilipoinuka juu ya hema, nami niliamini mambo ni yale yale. Kila asubuhi nilichungulia dirishani. Wingu la Brussels, jamani! Lilitukalia Krismasi, likatukalia Pasaka, mpaka nikamwonea Mungu hasira.

Papa alizunguka kutafuta ukumbi mwingine. Kila mahali walisema tunaimba kwa kelele. Hata hivyo kila Jumamosi, mapazia yakishanyooshwa, alimpigia simu Tonton Déo, aliyekuwa amehamia Liège.

"Vyuma viko?"

"Viko, Papa Chantal. Tunangoja wingu tu," alijibu, akimwita papa kwa jina langu.

Familia nyingine ziliacha kupokea simu, moja baada ya nyingine. Alibaki Tonton Déo peke yake. Siku moja nikamwambia papa kwamba vyuma vinauzwa dukani, tununue vyetu, tuanze upya hata sebuleni. Akanitazama kwa uchungu.

"Alors, Déo atabakia na nini?"

Nilinuna wiki nzima. Nilimwona mkaidi tu, na miaka kumi na mmoja ikapita hivyo.

Siku ya msiba wa papa nilimuuliza Tonton Déo kama amekuja na vyuma, tutundike mapazia nyuma ya jeneza. Akaangua kilio.

"Mutoto wangu, nilivitupaka mwaka ya kwanza. Nyumba ilikuwa kidogo. Nilishindwa kumuambia papa yako."

Nilimkasirikia, siwafichi. Ni baadaye sana, nikiwa peke yangu kwenye tramu, nilipokumbuka kwamba papa alikwenda Liège mara nyingi kuwaona wagonjwa, na kila mara alilala kwa Tonton Déo, katika kile chumba kimoja kisicho na hata mahali pa kuweka ufagio.

Alijua. Alijua tangu mwanzo, na Jumamosi ikifika alituambia tuwashe pasi.