Kongoni wa Arobaini

Mume wangu huwinda kila msimu unapofunguliwa, kwa kibali, na kila akirudi Kibiti nyati wake huwa ameongezeka ukubwa njiani. Mimi ni mtu wa kutaka kujua. Hadithi za porini nilishazihifadhi kama juzuu, ila pori lenyewe sikuwa nimeliona. Mwaka ule baba yake alikuwa amefariki, arobaini inakaribia, naye akaahidi mbele ya ndugu zake kwamba kitoweo cha hitima kitatoka kwenye bunduki yake. Nikasema, safari hii twende wote.

Mama mkwe hakupenda.

"Mke wa mwindaji hukaa ndani akatulia, mumewe arudi salama. Wewe wataka kufanya nini huko?"

"Kuangalia tu, mama."

"Haya. Macho hayana pazia."

Tukavuka daraja la Ndundu, na Utete tukapewa askari wa wanyamapori wa kutusindikiza, mtu mzima, mpole, Mkristo kutoka bara. Nilimchosha kwa maswali. Kinyesi hiki cha nani? Kwa nini upepo utupige usoni? Mume wangu alikuwa akinikonyeza nifunge mdomo. Nyumbani huongea kama redio, kule akawa bubu, anakanyaga majani makavu bila kuyaliza. Nasema kweli, nilimpenda upya.

Kongoni akatokea karibu na adhuhuri. Risasi ikalia, mnyama akakimbia kidogo, akaanguka kwenye nyasi. Mume wangu akachomoka na kisu mkononi, maana mnyama akikata roho kabla hajachinjwa ni kibudu, na kibudu Mwislamu hali, sembuse kwenye hitima ya mzee. Hakufika. Mguu ulizama kwenye shimo lililochimbwa na muhanga, akaenda chini mzimamzima, kifundo kikateguka palepale. Akamnyooshea askari kisu.

"Mzee, nikichinja mimi hamtakula," askari akasema.

Wote wawili wakanigeukia.

Kwetu mwanamke hachinji. Hata kuku, kama hakuna mwanaume nyumbani, unamshika miguu unasimama nje kumngoja mpita njia. Hakuna aliyewahi kunionyesha palipoandikwa hivyo, na sikuwahi kuuliza, mimi ninayeuliza kila kitu. Pale porini mpita njia angetoka wapi?

"Chinja, mama watoto! Atakufa huyo!"

"Mimi?"

"Chinja!"

Askari akazishika pembe. Nikauliza kibla kiko wapi, mume wangu akanionyesha kwa kidole akiwa chini vilevile. Kilichonishangaza ni masikio ya yule mnyama, yalijaa kupe na bado yanachezacheza. Pumzi yake ilikuwa ya moto mkononi mwangu. Nikasema bismillahi, Allahu akbar, nikakata. Nilijisikia fahari, fahari tupu.

Tuliporudi, mama mkwe akamwona mwanawe anachechemea, akaitazama nyama.

"Nani kachinja?"

Mume wangu akawa anaikagua bandeji yake.

"Mimi, mama."

Akajitanda khanga, eda au si eda, akaenda kwa mwalimu wa madrasa. Mimi nilikaa jikoni nikiwaza kwamba nimemharibia marehemu hitima yake. Aliporudi, sufuria akaliteleka yeye mwenyewe motoni.

"Mwalimu anasema maadamu umemtaja Mwenyezi Mungu, ni halali. Lete vitunguu. Mchele wa Maparoni huu, wa kule delta, usikae mpweke bila nyama."

Siku ya hitima watu walikula wakashiba. Mama mkwe aliguguna mfupa mbele ya wakwe zake wote, na mtu asingethubutu kuuliza neno. Nikazunguka kutazama nani anakula na nani anaacha, ndiyo tabia yangu. Mume wangu, kwa ajili ya mguu, alikuwa amekaa pembeni kwenye kiti na sahani yake. Wali ulikuwa umekwisha, na maharage pia. Nyama ilikuwa imesukumwa ukingoni, nzima.

"Mbona huli nyama?"

"Jino linaniuma."

Tumezaa naye, tumeugua naye, sijawahi kumsikia akilalamikia jino. Na ni yeye aliyepiga kelele chinja. Nikachuchumaa mbele yake, watu wanatutazama.

"Fungua kinywa nilione."

Hakukifungua.